Seva Ikizimwa Ulaya, Daladala Inakwama Manzese

Kati ya Julai 2024 na Julai 2025, zaidi ya watu milioni 1 katika nchi za Umoja wa Ulaya walitia saini ombi la kuzitaka kampuni za gemu zisiziue, yaani zisizifanye zisichezeke tena, gemu zilizokwisha kuuzwa. Baada ya uhakiki, karibu saini milioni 1.3 zilikutwa halali, na suala likafikishwa mbele ya Kamisheni ya Ulaya, ambayo kwa utaratibu wake inapaswa kutoa jibu rasmi ingawa hailazimiki kutunga sheria yoyote. Huku kwetu habari hiyo ilipita bila kishindo. Wachache walioitolea neno waliicheka: Mzungu kamaliza shida zote, sasa analilia gemu. Nadhani waliocheka hawakuangalia ni nani hasa atakayeumia. Mchezaji wa Berlin anapoteza pesa aliyolipa. Kijana wa Manzese, Dar es Salaam, au wa Kayole, Nairobi, anapoteza uwezo wa kuifungua gemu iliyotengenezwa na watu wengine, mbali, na kuupenyeza mji wake ndani yake. Kazi hiyo, ambayo wenyewe huiita kutengeneza modi, husemwa kuwa ni wizi au uvivu, na wanaoitetea huiita kiwanda cha ajira. Mimi, kwa jicho la anthropolojia, naiona kuwa sehemu ya maisha ya kawaida ya mjini, ya ukoo mmoja na kuipaka daladala rangi ya ruti yake. Inasimama juu ya sharti moja la kiufundi: faili liwe mikononi mwa mtumiaji. Sharti hilo linaondolewa taratibu, na sisi ndio tutakaolilipia zaidi.

Kisa kilianza na gemu ya magari iitwayo The Crew, iliyotolewa na Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2014. Ndani yake kulikuwa na ramani ya Marekani iliyofinywa, mchezaji akitoka New York hadi Los Angeles kwa gari bila kusimama. Ilidai mtandao muda wote, hata kwa anayecheza peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva, yaani kompyuta zake zilizoiendesha gemu kupitia mtandao, na ramani ile ikafungika kwa wote, pamoja na waliokuwa na diski yake kabatini. Ross Scott, Mmarekani anayeishi Poland na anayetengeneza video kuhusu gemu, akaanzisha kampeni mwezi uliofuata. Watu wengi hudhani anadai seva ziwake milele. Anachodai ni kidogo zaidi: kampuni ikiamua kuachana na gemu, iiache katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuicheza bila kumtegemea mtengenezaji. Uingereza, ambako ombi la aina hiyo lilivuka saini 100,000, Bunge lilijadili suala hilo Novemba 2025 na serikali ikasema haina mpango wa kubadili sheria ya mlaji. California ilikuwa imekwisha kuchukua njia nyingine mwaka 2024: ilizitaka duka za kidijitali zimwambie mteja waziwazi kwamba anachonunua ni leseni. Yaani badala ya kuzuia mali isiponyoke, ilimtaka muuzaji akiri kwamba hakuuza mali.

Sasa tuje kwetu. Anayetaka kujua gemu zinavyoishi Dar es Salaam au Nairobi asianzie kwenye matangazo ya gemu mpya. Aingie banda la gemu, akae kwenye benchi, asubiri zamu yake ya kushika pedi kwa utaratibu wa mshindi anabaki, aone nini kimewekwa kwenye mashine. Au aangalie simu za wanaosubiri. Atakuta Grand Theft Auto (GTA): San Andreas, gemu ya mwaka 2004. Atakuta PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, iliyotengenezwa kwa ajili ya PSP, mashine ndogo ya mkononi iliyotoka mwaka huohuo wa 2004, ikichezwa sasa kwenye simu ya Android kwa emuleta ya PPSSPP, programu inayoifanya simu iigize PSP, na ndani yake wachezaji waliosajiliwa dirisha la juzi. Atakuta Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017. Hizi gemu zinafanana kwa jambo moja: zote hukubali kufunguliwa. Zinachezwa bila mtandao, zinanakiliwa kwenye memori kadi, na yaliyomo ndani yanaweza kung'olewa na kubadilishwa.

Sababu za kung'ang'ania gemu kuukuu si ushamba. Simu nyingi zilizo mikononi mwa watu haziwezi kubeba gemu za leo. Bando ni gharama ya kila siku inayopigiwa hesabu na nauli na chakula. Wakumbuke Watanzania siku ile ya Aprili 2021 viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika na kusitishwa mara moja kwa jinsi watu walivyopiga kelele. Gemu inayotaka mtandao kila dakika ni gemu inayomkata mchezaji ada kila dakika. Pia umeme hukatika. Kwa hiyo faili linaloweza kupokelewa kwa mwenzako, kuhifadhiwa na kuchezwa bila kuomba ruhusa ya mtu limekuwa aina ya miundombinu, ingawa hakuna wizara inayolihesabu.

Juu ya miundombinu hiyo watu wamejenga. Mpira ndio mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi PES haikuwa na leseni za klabu nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza, hivyo Manchester United iliitwa Man Red na Chelsea ikawa London FC. Mashabiki dunia nzima wakazoea kuyarekebisha majina na jezi wenyewe, na Wabrazili walifika mbali zaidi na Bomba Patch yao, wakiweka ligi ya kwao na sauti za watangazaji wao ndani ya PlayStation 2 muda mrefu baada ya mashine hiyo kuachwa sokoni. Kwetu pengo lilikuwa kubwa kuliko majina. Simba na Yanga hazikuwekwa humo kwa majina ya bandia, hazikuwekwa kabisa. Aliyetaka kucheza dabi ya Kariakoo ilibidi aijenge. Dream League Soccer ya Waingereza ilisaidia kwa kuacha mlango mdogo wazi: mchezaji aliweza kuingiza kiungo cha picha ya mraba ya pikseli 512 kwa 512, na picha hiyo ikawa jezi. Kwa kupitia mlango huo, kila msimu jezi mpya ya Simba na ya Yanga huchorwa na kusambazwa na watu ambao hakuna aliyewatuma wala anayewalipa.

Lakini mabasi ndiyo yanayonivutia zaidi, kwa sababu mabasi ni mji wenyewe. Watengenezaji wa Bus Simulator Indonesia waliruhusu tangu mapema mtu apake basi michoro yake, kisha wakaruhusu mtu aingize gari zima alilolichonga mwenyewe. Indonesia ilikuwa imetoka kwenye wazimu wa Desemba 2016, watoto wamejipanga barabarani kuwaomba madereva wapige honi za muziki. Ni nchi inayojua kwamba basi lina mashabiki. Na kuna jambo ambalo sijaona likitajwa: Indonesia, Tanzania na Kenya wote wanaendesha upande wa kushoto. Mlango wa abiria unakaa panapostahili. Ukiingiza matatu ndani ya San Andreas, mji wa Kimarekani, mlango unafungukia katikati ya barabara na konda angegongwa kituo cha kwanza. Ndani ya gemu ya Kiindonesia daladala inasogea kando ya barabara na kushusha kama inavyopaswa, japo mitaa ni ya Jakarta na vibao vyote ni vya Kiindonesia. Kwa hiyo unaona gari lililoandikwa majina ya vituo vya Dar es Salaam, na ukanda wa rangi sahihi ya ruti ubavuni, likipandisha daraja la Java. Mwenye kucheka atacheka. Mimi naona mtu aliyejua kwa undani kipi ndani ya mji wake kinahamishika na kipi hakihamishiki.

Kijana mmoja wa Kariakoo, fundi wa simu maeneo ya Aggrey, alinieleza kwamba kazi ngumu kwake si kuchonga umbo la gari. Ni sehemu ya nyuma. Picha za mabasi mtandaoni nyingi zimepigwa kutoka mbele, na nyuma ndiko kwenye maandishi: methali, dua, vijembe, jina la mtoto wa tajiri. Husimama kituoni kupiga picha migongo ya magari, na madereva humdhania ofisa wa usalama barabarani. Sijui kazi gani ya kumbukumbu za mji inayofanywa kwa uangalifu zaidi ya huo. Magari hayo hayadumu. Chai maharage, yale ya kukaa mkitazamana, yamebaki kwenye simulizi za wazee. Vipanya, yale mabasi madogo ya Hiace, vilisukumwa pembezoni. Mwendokasi ulipoanza kazi Mei 2016, daladala za barabara ya Morogoro ziliondolewa kwenye njia iliyokuwa yao kwa miongo. Kenya, kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004 ziliitia matatu adabu kwa mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na michoro mingi ikafutwa. Miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta akawaambia polisi wawaache vijana wachore. Katika mzunguko huo wa kuchora na kufuta, hakuna makumbusho niliyoiona ikikusanya matatu kwa utaratibu. Watengeneza modi wanakusanya, na wanakusanya kwa vipimo.

Zaidi ya hayo, matatu ya kweli nayo ni modi. Chesisi hutoka kiwandani ikiwa ya lori dogo la Isuzu, halafu gereji ya Nairobi huivisha mwili, viti, spika, skrini na michoro hadi mtengenezaji wa asili asiitambue. Hakuna anayeliita jambo hilo wizi dhidi ya Isuzu. Isuzu aliuza chesisi, na aliyenunua akafanya anachotaka. Kijana anayechonga matatu kwenye kompyuta anaendeleza desturi aliyoikuta mtaani, na mshangao wake mkubwa ni kuambiwa kwamba gemu, tofauti na chesisi, hainunuliwi ikawa yako.

Nisiwapake rangi ya utakatifu. Jamii hii ina sheria zake, na baadhi ni za kuchekesha. Faili la modi hufungwa kwa nenosiri, na nenosiri hutajwa katikati ya video ili ulazimike kuitazama. Zipo modi za bure, na zipo za siri zinazouzwa kwa marafiki wachache. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua kazi ya mwenzako, kufuta jina lake na kuweka lako. Anayefanya hivyo hutajwa hadharani na kufukuzwa kwenye makundi. Ndiyo, watu ambao huenda walipata gemu yenyewe kwa kopi isiyolipiwa huchukia vikali kuibiana. Wanasheria wataona unafiki hapo. Anthropolojia imezoea kukuta hivi: haki ya kumiliki hufuatana na jasho linaloonekana na wenzako, na kampuni iliyoko ng'ambo haionekani kwenye benchi la banda. Naeleza tu, sisemi ni sawa.

Sasa hoja za upande wa pili, kwa sababu zipo na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni ya hakimiliki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinalinda programu za kompyuta, na modi nyingi hubeba nembo za klabu, za viwanda vya magari na za kampuni za mabasi bila idhini. Hilo ni kweli, na mwenye gemu ana haki ya kula jasho lake. Lakini hoja hii inachanganya vitu viwili. Kunakili gemu isiyolipiwa ni jambo moja. Kubadili gemu uliyonayo ni jambo jingine. Kampuni zenyewe zimewahi kuutambua mpaka huo. Mwaka 2017 Take-Two, wamiliki wa Rockstar inayotengeneza GTA, walitaka kukizima kwa barua ya wanasheria kifaa kiitwacho OpenIV ambacho kilitumika kufungua mafaili ya GTA. Wachezaji walipandisha hasira, na ndani ya siku chache Rockstar ikatangaza kwamba kwa kawaida haitashtaki modi za mchezaji mmoja zisizo za biashara. Mpaka unaweza kuwekwa, basi. Shida ni kwamba umewekwa kwa hisani, na hisani inaweza kurudishwa mfukoni: mwaka 2021 kampuni hiyohiyo iliondoa mtandaoni modi kadhaa za gemu zake za zamani wakati ikiandaa toleo lililopigwa msasa la San Andreas na ndugu zake. Toleo hilo lilitoka Novemba mwaka huo likiwa limejaa kasoro, hadi vibao vya maduka vikiwa na makosa ya herufi.

Hoja ya pili ni ya usalama. Kundi la watengenezaji wa gemu barani Ulaya, Video Games Europe, lilijibu ombi lile kwa kusema kwamba seva zikishikwa na watu binafsi, ulinzi wa taarifa za wachezaji na uondoaji wa maudhui haramu vitakosa mwenyewe, na kwamba baadhi ya gemu zimejengwa kwa mtandao tangu msingi, hivyo kuzigeuza kutaongeza gharama kubwa. Naipa hoja hii uzito wake. Kila anayeijua simu anajua kwamba programu ya kuokota okota inaweza kuja na kirusi, na anayetafuta modi ya kupata sarafu za bure hukuta kitu kingine kabisa. Kwa studio ndogo gharama hizo si hadithi. Hata hivyo The Crew haikuwa gemu ya studio ndogo, na mashabiki wenyewe waliijengea seva mbadala na kuifufua mwaka 2025 bila bajeti ya Ubisoft. Wanaodai kwamba jambo haliwezekani wangepaswa kueleza hilo. Na gharama ya kupanga mwisho wa gemu hupungua sana ikiwekwa kwenye mchoro wa kwanza. Anayejenga nyumba akijua atatoboa mlango wa nyuma halipii sawa na anayebomoa ukuta baadaye.

Hoja dhaifu kuliko zote hutoka kwetu wenyewe, na husemwa kwa sauti ya uzalendo: tuache kuchezea gemu za watu, tutengeneze zetu. Inapendeza masikioni, ila inadhani kwamba wanaotengeneza gemu walianzia mahali pengine. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya vijana wawili, kabla Valve, kampuni ya Half-Life, haijawaajiri. Dota ilizaliwa ndani ya ramani ya Warcraft III. Brendan Greene alifika kwenye PUBG akitokea kwenye modi za Arma. Gemu za kupigana hadi abaki mmoja, ambazo leo wadogo zetu wanamalizia bando, zina nasaba ya modi. Na hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Brian Larkin, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Kano, Nigeria, alionyesha jinsi mitandao ya kunakili na kusambaza kanda za filamu za Kihindi na za Kimarekani ilivyokuja kuwa njia ya kusambazia filamu za Kihausa zilizotengenezwa palepale. Hapa Afrika Mashariki, Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda walichukua sinema za watu na kuzitia sauti yao, ucheshi wao, majina ya mitaa yao. Hawakuzuia filamu za nyumbani zisizaliwe. Walizoesha mamilioni ya watu kukaa mbele ya skrini wakitarajia kusikia lugha yao. Anayesema tuache modi ili tutengeneze gemu anataka ghorofa ya pili bila ya kwanza.

Lakini nataka pia kuwagusa wanaonikubali haraka mno. Katika semina za ubunifu, modi zikitajwa, hugeuzwa mara moja kuwa ajira: kijana huyu atapata ujuzi, atajiajiri, atalipa kodi. Wachache watafika huko. Wengi hawatafika, na thamani ya wanachofanya haisubiri ajira. Nikisikia hoja ya ajira hukumbuka pia upande wake wa giza, kwamba kazi ya bure ya wapenzi wa gemu ni malighafi ya kampuni. Mwaka 2015 Rockstar ilifungia akaunti za waliotengeneza FiveM, mfumo wa kuendesha seva za kuigiza maisha ndani ya GTA. Agosti 2023 iliinunua timu yao. Walioitwa wahalifu wakawa wafanyakazi, jambo jema kwao, ila kwa siku hiyohiyo uwanja waliokuwa wamejijengea nje ya kampuni ukawa mali ya kampuni. Valve na Bethesda, kampuni iliyotoa gemu ya Skyrim, walipojaribu Aprili 2015 kuweka bei kwenye modi za gemu hiyo, wachezaji walikasirika na mpango ukafutwa ndani ya siku chache. Umerudi baadaye kwa sura nyingine. Tena mabanda yenyewe si pepo. Ni ya wavulana karibu kabisa. Msichana anayejua kuchonga gari kwenye kompyuta hana benchi la kukalia pale, na modi nyingine za San Andreas zina mambo nisiyoyaandika hapa. Mji unaoingizwa kwenye gemu ni mji kama unavyoonwa na kijana wa kiume wa miaka 19, na una mapengo yake.

Hata pamoja na mapengo hayo, nikiuliza nini kitabaki, jibu linanitia wasiwasi. Shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, lilikadiria mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Zinaishi kwa wenye kopi. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali. Basi ikiwa nchi yenye maktaba za namna ile inahifadhi kwa kubahatisha, jezi ya Simba ya msimu uliopita iliyomo ndani ya gemu ya kwenye seva ina siku ngapi? Haitachakaa wala haitafifia. Itatoweka kwa tangazo la mistari mitatu. Konami iliigeuza PES kuwa eFootball mwaka 2021, gemu ya bure inayoishi kwenye seva, na hapo mlango ambao kizazi kizima kilipitishia klabu zake ulizibwa kwenye simu. Mpaka leo wanaotaka ligi yao wanarudi kwenye PSP ya 2004. Hawarudi kwa kumbukumbu tamu. Wanarudi kwa kuwa mlango wa huko bado unafunguka.

Toleo la sita la GTA limetangazwa kutoka tarehe 19 Novemba 2026 kwa PlayStation 5 na Xbox mpya, bila toleo la kompyuta kwa siku hiyo. Mabanda yenye uwezo yatainunua mashine na foleni zitakuwa ndefu, ila kwa muda mrefu hakuna atakayeweza kuingiza matatu humo. Mwenye banda atauza dakika, mteja atatembea ndani ya Florida ya kubuni, na wote wawili watakuwa wageni.

Ndiyo maana jibu la Kamisheni ya Ulaya, huko Brussels, lina uzito Kariakoo. Umoja wa Ulaya ulipolazimisha aina moja ya tundu la kuchajia, Apple ilibadilisha iPhone mwaka 2023 kwa dunia nzima, kwa sababu kutengeneza simu mbili tofauti ni hasara. Sharti la kuacha gemu ikiwa hai likiwekwa huko, huenda nasi tukalipokea bila kulipigania. Likikataliwa, tutapokea kukataliwa kwake vilevile. Hatuko wanyonge kiasi hicho, lakini. Kenya ilianza kutoza kodi ya huduma za kidijitali mwaka 2021, Tanzania ikafuata mwaka 2022 kwa asilimia 2 ya mapato ya kampuni za nje. Serikali zetu zimekwisha kuamua kwamba kinachouzwa kupitia skrini ya Mtanzania au Mkenya ni biashara iliyofanyika hapa. Kama ni biashara ya hapa kwa mkusanya kodi, ni biashara ya hapa kwa mlaji pia. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, Tanzania ina Tume ya Ushindani. Zinaweza kuanza na mambo mawili madogo: kumtaka muuzaji aseme kabla ya malipo kama gemu itakufa seva ikizimwa, na kutamka kwamba kubadili nakala uliyoinunua kihalali kwa matumizi yasiyo ya biashara si kosa. Makumbusho ya Taifa na vyuo vyetu vinaweza kuwaita waliochonga magari haya na kuomba mafaili yao, pamoja na picha za migongo ya daladala walizopiga kituoni. Kijana wa Kayole hana saini ya kutia kwenye ombi la Ulaya, na wanaoweza kuandika barua kwenda Brussels kwa jina lake ni hawahawa walioamua kutoza kodi ile.